Suruali Kumi na Moja Zilizoungua

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa sakafuni kwangu, kota za magereza hapa Mbale, nakodolea macho mashine mbili za kuchimba sarafu za mtandaoni ambazo zilikuwa hazichimbi hata jivu. Msomaji mmoja wa Bugembe akatafuta namba yangu, akanipigia kuniuliza kama kweli mimi nina akili. Bwana wee, kama ningekuwa nazo, Jumapili ungesoma nini?

Kwa mgeni aliyefungua gazeti leo, kesi yangu ni hii. Naitwa Odongo, askari magereza, mwaka wa kumi na nne kazini. Mke wangu Betty ni fundi wa kushona. Mwezi uliopita alikwenda Masese, kule Jinja, kumwuguza dada yake Norah aliyevunjika mguu. Mtoto wetu Olivia yuko shule ya bweni. Nikabaki peke yangu na cherehani ya Betty.

Si cherehani ya dukani. Aliachiwa na marehemu mama yake, ina alama ya pasi ya makaa pembeni ya meza, aliyoiunguza Betty mwenyewe alipokuwa msichana. Nikaichukua hiyo, nikaifunika kwa blanketi la serikali, nikaipeleka kwa mtu anaitwa Bogere. Nikampa cherehani, akanipa mashine mbili.

Bogere anakaa Masese hiyohiyo alikokuwa Betty. Najua. Msinipigie simu. Nilijiambia Masese ni kubwa.

Bogere huyu alikuwa mlinzi wa godauni moja lililojaa mashine hizo. Wenyewe walipofungasha virago, walimlipa kwa mashine badala ya mshahara. "Wewe unalala, yenyewe inafanya kazi," aliniambia. Inakula umeme tu. Na umeme wa kota zetu, wasomaji, inalipa serikali. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Betty alikuwa arudi Jumapili. Ilikuwa lazima cherehani iwe mahali pake kabla hajafungua mlango, maana Betty si mwanamke wa kuchezea, na mimi kwake nilikuwa na kasoro moja. Mahari sikumaliza. Ng'ombe watano nilitoa. Wa sita, fahali wangu anaitwa Kapteni, alikuwa kwa mama yangu Tororo akingoja Desemba. Baba mkwe, mzee wa Kisamia asiyemeza maneno, alisema mbele ya wageni wote: "Mpaka fahali huyo aingie kwangu, binti yangu yuko kwako kwa matembezi tu."

Watu walicheka sana siku ile. Hata mimi nilicheka.

Sasa tuendelee.

Jumatatu nikamtoa Magid. Magid ni mfungwa wetu, fundi umeme kutoka Namakwekwe, anatumikia miezi minane kwa kuwaunganishia watu umeme wa wizi. Jela yetu ina desturi yake: mfungwa mwenye ufundi ndiye fundi wa kota zote. Seremala atakugongea kitanda, kinyozi atakunyoa, na Magid anashika waya. Haikuandikwa popote, lakini ndivyo tunavyoishi.

Magid akachuchumaa mbele ya mashine. Akashika plagi, akainusa.

"Afande, hii ilishaungua zamani. Ona, imekuwa rangi ya chai."

"Si inaingia kwenye soketi?"

"Hata kidole kinaingia, afande."

Akaanza kubandua ile tepu nyeusi ambayo Bogere alikuwa ameizungusha kwenye waya. Akabandua, akabandua. Chini ya tepu kulikuwa na tepu nyingine. Chini ya hiyo kukatokea waya mwembamba, ule wa redio, umefungwa fundo kama kamba ya kiatu.

Magid akautazama kwa huzuni.

"Afande, usinichukulie vibaya. Mimi nilifungwa kwa waya mzuri kuliko huu."

"Sema shida ni nini."

"Mashine moja inakula umeme kama pasi tatu, mchana na usiku, haipumziki. Wewe mzigo wa lori umeupakia kwenye bodaboda. Waya unapata moto, plagi inayeyuka, halafu inawaka."

Tukatafuta. Kantini kulikuwa na jiko la umeme lililokufa, Magid akalikata waya wake mnene, akaufunga kwenye mashine ya kwanza vizuri kabisa. Wa pili haukupatikana.

"Hii nyingine usiiwashe," akasema. "Ekstensheni usiikunje, itandaze yote. Na huu mdomo unaotoa hewa ya moto usiuzibe na kitu chochote. Afande, rudia nilichosema."

"Nani askari hapa?"

"Ni wewe, afande. Lakini rudia."

Nikarudia. Ukweli ni ukweli, nilirudia kama mtoto wa darasa la pili.

Tukawasha. Toba! Kelele kama mashine ya kusaga unga wa posho, na mdomoni ikatoka hewa ya moto, kavu, ya nguvu, ikapeperusha pazia. Asubuhi nikaangalia kwenye simu nimepata kiasi gani. Sifuri, nukta, halafu sifuri saba, halafu moja. Nikamtoa Magid tena, nikamwonyesha.

"Afande, hii ni namba ya simu?"

Nikamrudisha ndani.

Basi hapo ndipo mvua ilipoanza. Mvua ikishuka kutoka mlima Wanale, Mbale nzima inabaki na nguo mbichi, na safari hii ilishuka siku tatu bila kupumua. Na Jumamosi bwana mkubwa wa mkoa alikuwa anakuja kukagua gwaride. Kila askari alikuwa amefua sare, na hakuna sare iliyokuwa imekauka. Watu walizikamua, wakazilalia, wengine wakazivaa mbichi wakazunguka nazo wakitumaini joto la mwili.

Jumanne jioni Jude, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaingia bila kubisha.

"Odongo, ni nini nanguruma hapa kwako?"

"Ni mashine ya kukausha nguo," nikamjibu. Uongo ulitoka wenyewe, sikuusukuma.

Jude hakuuliza swali la pili. Akaenda, akarudi na suruali yake inachuruzika maji, akaishika mbele ya ule mdomo. Dakika ishirini ikawa kavu kama biskuti. Akaikumbatia.

Jumatano foleni ilifika kwenye bomba la maji. Nilifunga kamba chumbani, nikawa napanga suruali kwa namba. Wake za askari waliniletea chapati. Hata Afande Cleophas, mkuu wetu wa gereza, akatuma suruali yake, imekunjwa ndani ya gazeti, na ujumbe: "Mwambie Odongo, pole pole na hii."

Wacha niungame. Nilifurahi. Miaka kumi na minne kazini, hakuna mtu aliyewahi kupanga foleni mlangoni kwangu. Nilitembea kifua mbele. Cherehani nikaisahau kabisa, na Betty pia nikamsahau, Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi suruali zikazidi. Mashine moja haikutosha. Nikaitazama ile ya pili, yenye waya wa redio. Ikanitazama.

Nikaiwasha.

Ili watu wasijikwae, ekstensheni nikaikunja vizuri, nikaiweka pembeni. Ili zikauke haraka, suruali kumi na moja nikazisogeza mpaka zikagusa mdomo wa mashine. Kisha nikavaa kofia, nikaenda zamu getini. Nilikuwa naimba.

Saa saba mchana Jude akaja mbio.

"Odongo! Kwako napikwa nini?"

Nikageuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka dirishani kwangu bila haraka, kama mtu aliyemaliza kula.

Kabla sijafika, nikaona kitu sijawahi kuona tangu niajiriwe. Magid alikuwa shambani analima na wenzake, mvua ikiwa imekatika saa hiyo. Alipouona ule moshi akatupa jembe, akakimbia. Lakini hakukimbilia barabarani. Alikimbilia kota! Nyuma yake askari wawili wanapuliza filimbi, "Mfungwa natoroka! Mfungwa natoroka!", na mbele yake wake za askari wanampisha njia wakimwonyesha chumba changu.

Akafika kwenye swichi kubwa ukutani, akaivuta chini. Kota zote zikazima. Akachota mchanga wa mafundi ujenzi uliorundikwa nje kwa mikono miwili, akaumwaga kwenye soketi, akamwaga tena, moto ukafa. Kisha akatoka nje anakohoa, akainua mikono juu mwenyewe.

"Nikamateni," akawaambia wale wawili. Akanigeukia mimi. "Afande, ulikunja ekstensheni."

Nikampita, nikaingia.

Ndani, plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, huwezi kujua ipi ni ipi. Waya wa redio ulikuwa umebaki uzi mweusi. Mashine ya pili imekufa, na ya kwanza, iliyochomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo, imekufa nayo. Ukuta mweusi. Na zile suruali, wasomaji! Zote kumi na moja zimetobolewa tundu moja, kubwa kama sahani ya chai, mahali pamoja. Makalioni. Nilikuwa nimezitundika kwa mtindo mmoja, zote zimeelekea upande mmoja, kama tulivyofundishwa depo, kwenye mafunzo ya askari.

Nikaitwa ofisini.

"Odongo!"

"Afande!"

"Suruali yangu iko wapi?"

"Iko hapa, afande. Nyingi yake."

Afande Cleophas akaikunjua. Akaiinua dirishani. Akanitazama kupitia lile tundu, kwa muda mrefu, kwa jicho moja.

"Mke yako si fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Cherehani iko?"

Hapo, wenzangu, mtu mwenye busara angesema ukweli. Mimi nikasema: "Iko kwa Betty, afande. Alikwenda nayo Jinja."

"Sawa. Chukua suruali zote, peleka kwa Betty Jinja. Kesho, saa kumi jioni, nataka zote hapa, zimeshonwa. Kama hapana, Jumamosi mimi navaa yako mpya ile, na wewe unasimama mstari wa mbele, unavaa hii yangu. Bwana mkubwa napita mbele, halafu napita nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebaki hatua mbili. Usiku huo nikapanga. Nitaenda kwa Bogere, nitamrudishia mashine zake, nitapiga magoti kama ni lazima. Nikishapata cherehani, nitajifanya nimemletea Betty hapo Masese kwa mapenzi tu, ili asikae bure. Atashona suruali, atacheka, atarudi nayo Jumapili, naye hatajua kitu mpaka tuzeeke. Ulikuwa mpango mzuri. Niliupenda.

Ijumaa asubuhi gari la magereza lilikuwa linakwenda Jinja kuchukua mbegu. Wakanishusha Masese, mimi na gunia la suruali na mashine mbili zinazonuka moshi.

Uani kwa Bogere alikuwa amefungwa fahali anatafuna majani ya miwa. Fahali wa haja! Mwekundu, mabega mapana, pembe moja imepinda kuelekea chini. Nikasimama kumtazama.

"Hata wewe," nikamwambia, "unafanana na Kapteni wangu."

Akanisogelea, akanilamba mkono. Nikaona ajabu, ng'ombe wa Jinja wana heshima namna hii. Bogere akatoka ndani anafunga mkanda.

"Bogere, nakuomba kwa jina la Mungu, mashine zako hizi hapa. Nirudishie cherehani."

Akazitazama. Akainama, akanusa.

"Hizi ziko zimeungua."

"Ulinipa zimeungua!"

"Nilikupa zimeungua kidogo."

"Bogere, cherehani!"

"Ile nilishabadilisha," akasema, na kwa midomo akanionyesha fahali. "Na huyu."

"Nani kakupa ng'ombe kwa cherehani?"

"Mama mmoja. Jumanne alipita hapa, akaiona barazani. Akapitisha mkono pale pembeni ya meza, kwenye alama ya pasi, akaanza kulia. Mimi nikaogopa, nikafikiri ni mgonjwa. Halafu akafuta macho, akaniuliza niliipata wapi; nikamwambia kwa askari wa Mbale, kwa mashine mbili. Akaniuliza nataka nini. Nikasema, kwa mzaha tu, nataka ng'ombe." Bogere akakuna kichwa. "Jana akaja na ng'ombe."

Nikamgeukia fahali. Nikashika sikio lake la kushoto, nikaligeuza. Chale mbili. Nilizikata mimi mwenyewe, kwa wembe wangu wa kunyolea ndevu.

"Kapteni," nikasema.

Akanilamba tena.

Sikumsikia tena Bogere anasema nini. Nilishuka na gunia langu mpaka kwenye mizani wanapopimia dagaa wa ziwani, na pale jirani, barazani kwa Norah, nikaisikia cherehani kabla sijaiona. Sauti yake naijua. Nimelala nayo miaka tisa.

Norah amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa plasta, anachambua dagaa. Wanawake watatu wamekaa kwenye benchi na vitambaa vyao mapajani. Na Betty, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anakanyaga. Uongo wangu kwa Afande Cleophas ulikuwa umegeuka kweli tupu: cherehani ilikuwa kwa Betty, Jinja.

"Betty."

Hakuinua kichwa. "Foleni inaanzia pale."

"Betty, ni mimi."

"Wale pia ni wao. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa wa nne, baada ya mama aliyeleta gauni lake la gomesi. Hakuna aliyenipisha, na Norah alinitazama muda wote huo bila kupepesa. Zamu yangu ilipofika nikamwaga gunia. Betty akachukua suruali ya juu, ya Afande Cleophas, akapitisha mkono kwenye tundu, ukatokea upande wa pili. Akachukua ya pili, ya tatu. Mdomo wake ukaanza kucheza, nikaona kicheko kinakuja, nikasema moyoni, asante Mungu, nimepona.

Kicheko hakikufika.

"Hizo mashine zimekupa nini?" akauliza.

Nikatoa simu, nikamwonyesha. Akahesabu kwa kidole.

"Sifuri saba."

"Lakini mwishoni kuna moja," nikasema.

Norah akaacha kuchambua dagaa.

"Betty, Kapteni alikuwa wa baba yako. Wa Desemba. Umemtoaje bila kuniambia?"

Nilipoyasema hayo maneno niliyasikia mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mama yako ndiye aliyemfungua kamba," Betty akasema taratibu. "Nilikwenda Tororo, nikamweleza. Akaingia zizini, akatoka naye. Akaniambia, 'Ng'ombe huzaliwa kila mwaka, mwanangu. Cherehani ya mama ni moja.'"

Mama yangu! Mwanamke asiyeuza hata jogoo bila kuitisha kikao.

"Sasa sisi je?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa ya askari.

"Baba alisema nini siku ile?"

Norah akajibu kwa niaba yangu: "Kwa matembezi tu."

"Basi," Betty akasema, akakata uzi kwa meno. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nimetembea miaka tisa. Nimechoka kutembea."

Iliniuma. Siwezi kuwadanganya ninyi pia. Chumba kilipoungua niliogopa, afande aliponitazama kwenye tundu niliona aibu, lakini pale barazani, mbele ya wateja na dagaa, ndipo iliponiuma hasa. Nikatamani anitukane.

Hakunitukana. Akazipanga suruali zote kumi na moja mezani, juu ya ile alama ya pasi.

"Za lini?"

"Leo. Saa kumi ziwe Mbale."

"Sawa. Kazi ni kazi."

Simu ikaanza kulia mfukoni. Afande Cleophas. Nikaiacha ilie. Betty akachana kipande cha kitambaa cheupe, kile anachobandika kwenye kila mzigo ili usipotee, akachukua chaki. Kwa miaka tisa mwanamke huyu hajawahi kuniita kitu kingine ila Baba Olivia.

"Jina la mteja?"

"Betty, tafadhali."

"Watu wanangoja nyuma yako. Jina la mteja?"

"Odongo," nikasema.

Akaishika chaki juu ya kitambaa, akaniinulia macho kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Odongo yupi?"